Vile vipande vya shaba vya marehemu babu

Ndugu yangu, pole kwa msiba. Umeuliza kama vipande vinne ulivyokuta kwenye kopo la sarafu za marehemu babu, hapo Lindi, ni pesa au tokeni, yaani vipande ambavyo mwajiri aliwapa wafanyakazi badala ya pesa au kwa kuhesabia kazi.

Kwanza nakusihi, usivisugue kwa ndimu wala majivu! Ukiving'arisha unafuta maandishi na kuvishusha thamani. Tandaza karatasi nyembamba juu ya kipande, pitisha penseli taratibu. Herufi zilizofifia zitajitokeza.

Kile chenye taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) na T chini yake kilikuwa pesa halali: heller 20 ya Wajerumani, iliyopigwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za kutoka Ulaya zilipokuwa hazifiki. Ilitengenezwa kwa haraka, ndiyo maana imekaa kienyeji na wengi huidhania tokeni. Chenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili ni sarafu iliyoitwa "pesa", ya thamani ya pesa moja, ya kampuni ya Kijerumani, ya miaka ya 1890 hadi 1892.

Viwili vilivyobaki ndivyo vinavyonisisimua. Havina nchi, mtawala wala mwaka. Vina namba tu na tundu. Tazama tundu vizuri. Senti za Afrika Mashariki zilitobolewa katikati kabisa, lakini matundu ya vipande hivi yapo ukingoni, ya kutundikia. Hizo ni dalili za tokeni ya mwajiri. Kwa kuwa Lindi na Mikindani zilikuwa na mashamba ya mkonge, waonyeshe wazee waliokata mkonge, uwaulize posho na kazi zilihesabiwaje. Wawahi wangali hai.