Kueleza umbo la mtu kwa Kiingereza bila kumuudhi

Nawafundisha Kiingereza vijana wanaofanya kazi hotelini, na hakuna somo linalohitaji uangalifu kama sifa za maumbo ya watu. Kamusi itakwambia "slim", "thin" na "skinny" zote ni mwembamba. Ukiishia hapo utaumiza watu. "Slim" ni kusifia: mwembamba anayependeza. "Thin" haisifii, na mara nyingi humfanya msikilizaji awaze maradhi. "Skinny" ni aliyekonda kupita kiasi. Mkimbiaji asiye na mafuta mwilini mwite "lean". Hata "slim" ina kovu lake huku kwetu: Uganda, miaka ya 1980, watu waliuita UKIMWI kwa jina hilo kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa.

Unene ndio mtihani wenyewe. Kwetu kumwambia mtu amenenepa mara nyingi ni pongezi, maana yake maisha yamemkubali. Binti mmoja wa mapokezi, kwa furaha ya kweli, alimlaki mgeni aliyerudi baada ya mwaka: "You are fat now!" Yule mama alitabasamu kidogo, akavuta sanduku lake, na tangu hapo kila shida yake akawa anampelekea mlinzi. Binti hakuelewa kosa lake mpaka nilipomweleza.

Kwa hiyo "fat" usimwambie mtu kamwe. "Chubby" waachie watoto wenye mashavu. "Overweight" na "obese" ni lugha ya daktari, anayezitumia kipimo cha BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) cha mtu mzima kikifika 25 kwa neno la kwanza na 30 kwa la pili. Ukimwelekeza dereva ampokee mgeni mnene, sema "a big man", au bora zaidi taja nguo: "the man in the blue shirt". Atampata tu.

Mtu wa miraba minne ni "well-built". Akiwa mfupi, mpana na mwenye nguvu ni "stocky". "Petite" ni ya mwanamke mfupi mwenye umbo dogo, usimpe mwanamume. Wa wastani ni "of medium build". Mtu mrefu ni "tall", kamwe si "high", neno ambalo kwa mtu humaanisha amelewa dawa za kulevya. Ukiunganisha sifa, umbo litangulie umri: "a tall, slim young woman".