Ukichanganya jazz, mapigo usiyaguse

Kuna kijana anapuliza saksafoni Arusha, kaniandikia juzi: "Kaka, tukitia jazz kwenye bongo fleva watu wanarudi kukaa. Tufanyeje?"

Mdogo wangu, umenigusa kidonda. Bendi yetu ilikuwa ikipiga kila Ijumaa kwenye hoteli moja hapa Dar, siitaji. Meneja akatutoa kwa neno moja tu: "Wageni wanataka kucheza, nyie mnafanya mtihani." Akaleta DJ. Mpaka leo barabara ile naipita kwa shida. Basi mwezi uliopita tumepiga harusi Kinondoni, rumba ileile, kodi zilezile za jazz (chords, sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), na mama wa bibi harusi amepanda jukwaani kututuza, noti anambandika mpiga besi kwenye paji la uso. Mpiga besi, si mwimbaji!

Siri ni drams na tumba. Siku hizi wapigaji wetu hawa wawili hawaijui jazz kabisa, wanapiga rumba tupu. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alishika namba moja Marekani mwaka 1968 kwa Grazing in the Grass, na kinachoufungua wimbo ule ni kengele, tarumbeta inafuata. Robert Glasper naye, mpiga kinanda wa jazz wa Marekani, na albamu yake Black Radio ya 2012: drams zinabaki hip hop, kinanda ndicho kinachotangatanga, akapata Grammy ya albamu bora ya R&B. Wazee wetu wa bendi za Morogoro Jazz na Western Jazz ndio kabisa, jazz waliiacha kwenye jina, wakapiga dansi.

Jazz itie kwenye upenyo, pale mwimbaji anaponyamaza. Wimbo uko kwenye ufunguo wa Do, mnakaribia kurudi: badala ya kukaa Sol, besi ishuke Re, Re bemoli (Re iliyoshushwa nusu hatua), Do, gita lishike kodi ya tisa (ninth) hapo kwenye Re bemoli. Lakini mwimbaji awe amenyamaza, maana akiwa ameing'ang'ania Re mtagongana vibaya. Anayecheza hatajua kilichopita. Wanamuziki waliokaa nyuma watageuka, na utamu wake niachie mimi.

Solo yako iwe fupi. Ukiona meza moja imekaa, rudisha kiitikio, usibishane. Vijana mnapenda sana kuonyesha mlichosoma! Mapigo yaacheni. Na mpiga drams akikwambia Jumamosi ana mtindo mpya, mwambie aulete mazoezini Jumatatu.