Ukitaka Kupiga Okestra ya Kichina, Usikubali Kiti cha Picha

Dada mmoja anayekwenda kusoma Hangzhou, China, ameniandikia: "Nataka kuingia okestra ya Kichina huko chuoni. Nianze na chombo gani?" Ujumbe umenikuta na furaha, maana Jumamosi nimetoka kupiga erhu, fidla ya Kichina ya nyuzi mbili, kwenye tamasha la chuo chetu, na nimepiga kila nota iliyoandikwa.

Nasisitiza hilo la kila nota. Kikundi cha kwanza kilichonipokea hapa China kilinivalisha joho jekundu, kikaniketisha mbele, kisha kiongozi akaninong'oneza nisitoe sauti. Nywele za upinde wa erhu hupita katikati ya nyuzi mbili, huwezi kuutoa. Basi nikakaa wimbo mzima nikiusogeza bila kugusa uzi, huku kamera zikinimulika. Hicho ndicho kiti cha picha. Sikurudi tena, na hadi leo linaniuma.

Dada yangu, chagua sehemu kwanza, chombo baadaye. Sehemu ni nne. Za upinde ni erhu na ndugu zake gaohu na zhonghu, na mara nyingi selo na besi za Kizungu huongezwa kwa sauti nzito. Za kudonolewa nyuzi kuna pipa (aina ya udi wa Kichina), liuqin, ruan na sanxian. Yangqin hukaa nazo, ingawa nyuzi zake hugongwa kwa vijiti vya mwanzi. Za kupuliza ni dizi (filimbi ya mwanzi), sheng (kinanda cha mdomo) na suona. Nyuma kabisa ngoma, matoazi na upatu.

Nenda kule sikio lako lilikokwisha kufika. Mimi nilikuwa mpiga fidla wa taarab, nikaenda kwenye upinde. Aliyezoea udi ataielewa pipa mapema. Na kama umekulia pwani ukisikia nzumari harusini, suona haitakushtua: ni ndugu yake, ilifika China kutoka Asia ya Magharibi.

Nota nazo zisikutishe. Wengi wetu tumelelewa na solfa kwenye kwaya. Hapa huandika tarakimu: 1 ni do, 2 ni re, nukta juu ya tarakimu hupandisha oktavu. Nilizisoma siku ileile, wakati wenzangu waliozoea nota za mistari bado wanahesabu kwa vidole. Msidharau mlichofundishwa kanisani, jamani!

Watakwambia muziki huu ni wa maelfu ya miaka, mgeni hauwezi. Kataa. Vyombo vingi ni vya kale, lakini okestra kubwa ya namna hii ni ya karne ya 20. Zheng Jinwen alianzisha chama cha muziki cha Datong mjini Shanghai mwaka 1920, na okestra ya Kichina ya jiji hilo iliundwa 1952. Wachina waliipanga okestra yao wakitazama mpangilio wa okestra za Ulaya. Wao walijifunza kwa watu, kwa nini wewe usijifunze kwao?

Kwa hiyo fanya mazoezi, halafu fanya mazoezi tena. Siku ya kwanza omba karatasi ya nota ya sehemu yako. Wakikupa nguo kabla ya nota, tafuta kikundi kingine. Na ukinunua erhu, dai karatasi za kibali za ngozi ya chatu iliyowambwa kwenye kisanduku chake cha sauti, maana mpakani utaulizwa.