Maswali ya Wasomaji: Seva Inawaka, Jina Lake Halifiki

SWALI: Assalaamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Chumba chetu kina kompyuta 20 za Windows na seva moja ya Linux yenye vitabu vya wanafunzi. Katika faili la hosts la kila kompyuta nimeandika anuani ya seva na jina "maktaba". Tulitumia vizuri wiki nzima, lakini tangu umeme ulipokatika na kurudi, wanafunzi wakifungua "maktaba" hawapati kitu, hali seva inawaka. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Ulichoandika ni sahihi, ila kinategemea namba ya anuani iliyokwisha kuhama. Faili la hosts huieleza kompyuta kuwa jina hili lina anuani hii, basi. Anuani yenyewe hugawiwa na ruta, yaani kile kifaa kinachoziunganisha kompyuta zenu, nayo huiazimisha kwa muda tu. Ruta nyingi ndogo hazihifadhi orodha ya walioazimwa pindi umeme unapokatika, na kwa kuwa seva huchelewa kuwaka kuliko kompyuta za mezani, yumkini moja kati ya hizo imetangulia kuomba na kupewa namba ya seva. Jina "maktaba" sasa linampeleka mwanafunzi kwenye kompyuta ya mwenzake, ambayo haina kitabu hata kimoja.

Ipe seva anuani ya kudumu. Unaweza kuiwekea akiba ndani ya ruta, yaani namba isiyopewa kompyuta nyingine, lakini ruta ikiungua, akiba hiyo hupotea nayo. Kwa hiyo mimi napendelea anuani iandikwe katika seva yenyewe, nje ya namba zinazogawiwa. Ikiwa ruta inagawa kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.200, seva ichukue 192.168.10.5, na mstari katika kila kompyuta usomeke hivi, namba ikitangulia:

192.168.10.5   maktaba

Faili limo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Fungua Notepad kwa mamlaka ya msimamizi, na uangalie sana wakati wa kuhifadhi, kwa sababu Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni, na faili linaloitwa hosts.txt halisomwi kabisa, ingawa kwa macho linaonekana kuwa lile lile. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping maktaba na utazame namba inayojitokeza. Ikiwa ni ya zamani, futa ule mstari wa zamani uliosahaulika.

Siku mtakapoongeza printa, usizunguke tena kompyuta zote 20 kuandika jina lake. Mtandao wa ARPANET wa Marekani, uliotangulia intaneti, nao ulitegemea faili moja la majina lililonakiliwa kila mahali, likawa halibebeki, ndipo Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo ambao kompyuta huuliza anuani ya jina, mwaka 1983. Kwenu inatosha kuweka programu ya dnsmasq katika seva: husoma faili la /etc/hosts la seva hiyo na kuzijibu kompyuta zote, mradi uzielekeze kuuliza majina 192.168.10.5. Fahamu tu kwamba seva ikizimwa, hata kurasa za intaneti hazitafunguka kwa majina yake, kwa hiyo ianze yenyewe kupata betri ya akiba.