Korona ilipunguza matumizi ya nishati duniani, mbona bili yangu ilipanda?

SWALI: Mhandisi, salaam. Mwaka 2020 nilifanyia kazi nyumbani miezi mingi. Kila siku tulisikia kwamba mahitaji ya nishati yameporomoka duniani, hata mafuta yakauzwa chini ya sifuri, lakini bili yangu ya umeme ilipanda. Sasa shirika la umeme linataka kunifungia mita janja na kunihamishia kwenye bei inayobadilika kulingana na saa. Je, mambo haya yanahusiana? Na mita hiyo itanifaa mimi au itawafaa wao?

JIBU: Salaam, ndugu msomaji. Yanahusiana sana, na yote yanarudi kwenye saa: umeme unatumika wapi, na unatumika wakati gani.

Tuanze na bili yako. Ofisini, mtambo mmoja wa kupoza au kupasha hewa huhudumia ghorofa nzima. Watu arobaini wa ghorofa hiyo wakirudi makwao, kila mmoja anawasha wa kwake. Usiilaumu kompyuta. Kompyuta ya mapajani inayokula wati 50 kwa saa nane hutumia uniti 0.4 tu (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Kiyoyozi cha wati 1,000, hata kikipumzika nusu ya muda huo, kinakula uniti 4, mara kumi ya kompyuta. Hita ya maji ya wati 3,000 ikiwaka saa moja ni uniti 3. Zamani gharama hiyo ya mchana aliilipa mwajiri wako. Korona ilipokuja ukaibeba wewe.

Na habari ulizosikia nazo zilikuwa za kweli. Matumizi ya nishati ya aina zote duniani yalishuka kwa takriban asilimia 4 mwaka 2020, ila ya umeme yalishuka kwa asilimia 1 hivi tu. Pigo kubwa liliangukia mafuta, kwa kuwa magari yaliegeshwa na ndege zikabaki viwanjani. Umeme ulishuka sana wakati wa zuio la watu kutoka nje: katika nchi zilizofunga shughuli zote, mahitaji yalipungua kwa sehemu ya tano au zaidi kwa wiki kadhaa, kisha yakapanda tena shughuli ziliporudi.

Lakini sisi tunaoendesha gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme, hatutishwi sana na jumla ya mwaka. Tunaangalia mchoro wa siku. Siku ya kazi ya kawaida huanza kupanda alfajiri watu wanapooga na kupiga pasi, hupanda zaidi ofisi na viwanda vikifunguliwa, halafu jioni watu wanarudi, wanapika, wanawasha taa, na kilele kinafika. Katika miezi ile mlima wa asubuhi ulichelewa na kuwa bapa, Jumatatu ikafanana na Jumapili. Utabiri wetu unategemea mazoea ya watu, na mazoea yalikuwa yamevunjika ndani ya wiki moja.

Ugumu unatokana na hili: umeme mwingi huzalishwa dakika ileile unapotumika. Mzigo, yaani umeme unaotumika kwa wakati huo, ukipungua ghafla, mitambo inazunguka kasi kupita kiasi na masafa ya gridi (mapigo ya umeme kwa sekunde) yanapanda. Ukizidi ghafla, yanashuka. Tarehe 5 Aprili 2020, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwaomba wananchi wazime taa kwa dakika 9 kuanzia saa 3 usiku, kuonyesha mshikamano wakati wa janga. Waendeshaji wa gridi walikisia mzigo ungepungua kwa gigawati 12 hadi 14 (gigawati moja ni wati bilioni moja). Ukapungua kwa zaidi ya 31, kutoka gigawati 117 hivi hadi chini ya 86, kisha ukaanza kurudi. Kilichookoa hali ni mabwawa: mitambo ya maji hupunguzwa na kuongezwa kwa haraka ambayo makaa ya mawe hayaiwezi. Kila nikilikumbuka tukio hilo nawavulia kofia waliokuwa zamu usiku ule.

Sasa soko. Kwenye soko la jumla, ambako wazalishaji huwauzia mashirika ya umeme, kwa kawaida mitambo huitwa kazini kwa kufuata gharama, wa gharama ndogo kwanza. Jua na upepo havinunuliwi mafuta, hivyo hutangulia; makaa na gesi hufuata. Mahitaji yakipungua, wanaokaa mwisho wa foleni ndio wanaoachwa. Uingereza ilipitisha siku zipatazo 67 bila umeme wa makaa ya mawe, kuanzia tarehe 10 Aprili hadi 16 Juni 2020, na mtambo wa nyuklia wa Sizewell B ukalipwa ili upunguze uzalishaji kwa nusu. Ujerumani ilikuwa na saa 298 za bei hasi mwaka huo. Bei hasi maana yake mzalishaji anamlipa mnunuzi ili auchukue umeme, kwa sababu kuzima mtambo mkubwa na kuuwasha upya kunamgharimu zaidi ya kulipa kwa saa chache.

Mafuta yalifuata njia hiyohiyo. Tarehe 20 Aprili 2020, mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ya kupokelewa Mei ulifunga kwa dola hasi 37.63 kwa pipa. Mkataba ulikuwa unaisha kesho yake, mafuta yanapokelewa Cushing, Oklahoma, na matangi ya huko yalikuwa yamejaa au yameshakodiwa. Aliyeshika mkataba bila tangi alilipa ili aondokane nao. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuyaweka.

Hapo ndipo mita janja inapoingia. Mita ya zamani ni kama ndoo chini ya bomba: inaonyesha maji yamejaa kiasi gani, haisemi yalitoka saa ngapi. Mita janja huandika matumizi kila nusu saa au kila robo saa na kuyatuma yenyewe. Kwa mita ya ndoo kama hiyo, shirika haliwezi kukuuzia umeme wa mchana wenye jua kali kwa bei nafuu na wa jioni kwa bei ghali, hata likitaka.

Itamfaa nani? Shirika litafaidika kwanza, tusifichane. Halitumi tena mtu kusoma mita, linaona wizi, linajua ni transfoma ipi inazidiwa. Faida yako inaanza pale tu unapokuwa na kitu cha kuhamisha: hita ya maji, pampu, mashine ya kufulia, gari la umeme. Jokofu halihami. Chakula cha watoto hakisubiri saa nne usiku. Kwa hiyo mzee anayeshinda nyumbani, au mgonjwa anayetegemea mashine, anaweza kulipa zaidi kwa bei za saa bila kosa lolote. Naamini kwa dhati kwamba watu hao wanapaswa kulindwa na kanuni, wasiachiwe soko.

Jihadhari zaidi na mpango unaofuata bei ya jumla moja kwa moja, bila kikomo. Texas, Februari 2021, baridi kali iliangusha mitambo, na bei ya jumla ikakaa kwa siku kadhaa kwenye dola 9,000 kwa megawati-saa (uniti 1,000), yaani dola 9 kwa uniti. Wateja wa kaya waliokuwa kwenye mipango hiyo walipata bili za maelfu ya dola, na mwaka huohuo jimbo likapiga marufuku mipango hiyo kwa kaya. Linganisha na Uingereza, majira ya baridi ya 2022 na 2023: kaya na biashara milioni 1.6 zenye mita janja zililipwa zikipunguza matumizi kwenye saa zilizotangazwa, na zikaokoa zaidi ya megawati-saa 3,300. Aliyeshindwa kupunguza hakutozwa faini. Mtindo huo wa pili ndio ningeuchagua kwangu.

Kuna pia suala la siri. Kumbukumbu ya kila nusu saa inaonyesha unaamka lini, unalala lini, na lini nyumba haina mtu. Uliza nani anaiona na inahifadhiwa kwa muda gani, na upewe jibu kwa maandishi.

Ushauri wangu: ikubali mita, lakini usihamie bei mpya mara moja. Omba usomaji wako wa mwezi mmoja, nusu saa kwa nusu saa. Zidisha uniti za kila saa kwa bei mpya, ulinganishe na unacholipa leo. Kisha tafuta mahali mstari unaporuka ghafla jioni. Ukikuta ni hita ya maji, fundi umeme anaweza kuifungia swichi ya saa hata kabla mita janja haijafika.