Vanishi haikaushi mti

SWALI: Ninapamba kumbi za harusi hapa Moshi. Nilikatiwa vipande vya duara vya gogo la mgrevilea, unene wa sentimita 3, vya kuwekea maua na keki. Siku mbili baadaye nikavipaka vanishi mara tatu. Sasa vimepasuka kutoka kiini hadi kwenye gome, vanishi imetoa malengelenge, na chini yake kuna madoa meusi. Fundi mmoja ananiuzia dawa ya nyufa, mwingine anasema nipake oili chafu. Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate yeyote kati yao, ndugu yangu. Vanishi hufungia kilichomo ndani, na wewe ulifungia maji. Mti mbichi huwa na unyevu unaozidi asilimia 30, ilhali mti wa kukaa ndani ya nyumba unatakiwa uwe karibu asilimia 12. Maji yakitafuta njia huinua vanishi, na ukungu hustawi humo humo. Hayo ndiyo madoa yako.

Ufa una sababu yake. Mti hausinyai sawa pande zote: kufuata mzunguko wa pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya kutoka kiini kwenda gome. Mzingo unapungukiwa, unaachia mahali pamoja, ufa unafunguka kama herufi V. Hakuna kitu cha kupaka juu kinachobadilisha hilo. Kemikali inayosaidia kweli, poliethilini glaikoli, huingia ndani ya mti na kushika nafasi ya maji. Vasa, meli ya kale ya mbao iliyoopolewa baharini huko Uswidi, ilinyunyiziwa kemikali hiyo kwa miaka 17. Anayekuuzia kichupa cha kupaka kwa brashi kwenye ufa uliokwisha kufunguka anakula hela yako.

Na oili chafu, hapana kabisa! Haikauki, inanuka, na imebeba mabaki ya metali na kemikali za kuleta saratani. Unataka kuweka keki juu yake?

Kwangua vanishi yote, pande zote mbili, ukiwa umevaa barakoa. Visimamishe vipande kivulini vikiwa vimeachana, penye hewa, mbali na jua na jiko. Pima kimoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Wakati wa masika utasubiri zaidi. Kisha piga msasa namba 80, 120, halafu 220. Vanishi ya kwanza iongeze thina, kwa kuwa uso wa gogo lililokatwa kukingama hunywa sana. Mbele na nyuma zipate sawa. Nyufa zilizopo ziache, kwa mapambo ya asili hazina ubaya. Keki iwe na kibao chake.

Kinachoniudhi zaidi ni haraka. Watu wanaanika vipande juani, wengine wanaviingiza kwenye oveni, kwa sababu harusi ni Jumamosi. Uso unakauka kabla ya ndani, na kipande ambacho kingepata ufa mmoja kinapata mitano. Wauzaji nao wamelijua soko: wanapaka vanishi gogo la juzi na kuliita tayari. Kabla ya kulipa, geuza kipande, shika upande wa chini uone kama una ubaridi wa maji, linganisha uzito na kingine cha ukubwa huo, na uliza mti ulikatwa mwezi gani. Akibabaika, rudisha kipande mezani.