Maswali na majibu: Jina la wengi au jina la peke yake?

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja. Mtoto yuko njiani, au ameshafika, na nyumba imegawanyika: upande mmoja unataka jina lililozoeleka, mwingine unataka jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Nimezifupisha barua, majina ya waandishi nimeyaacha.

Nina mimba ya miezi saba. Jina ninalolitamani tangu nikiwa msichana sasa linaongoza orodha ya majina yanayopendwa. Mama mkwe anasema darasani watakuwa watano wenye jina hilo. Niliache?

Usiliache, angalau kwa sababu hiyo.

Mama mkwe wako anaongea kwa uzoefu wa enzi zake, na kwa enzi zake alikuwa sahihi. Marekani wana takwimu za majina ya watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 1880. Mwaka huo, katika kila wavulana 100, wanane hivi waliitwa John. Kwa wasichana, Mary alichukua saba hivi katika kila 100. Leo jina linaloshika namba moja kule hupewa mtoto mmoja hivi tu katika kila 100 wa jinsia yake. Wazazi wa sasa wana majina mengi ya kuchagua na wanakimbia kufanana, kwa hiyo hata lile linaloongoza limebaki na sehemu ndogo. Darasa likiwa na wavulana 15, mwenye jina la namba moja ana nafasi kubwa ya kuwa peke yake.

Ila kuna kasoro moja kwenye orodha hizi ambayo watu huisahau. Zinahesabu nchi nzima, wala hazijui wewe unaishi na nani. Jina linaweza kuwa la 200 kitaifa na bado likajaa kwenye ukoo wenu, mtaani kwenu na mahali mnapoabudu. Hesabu mwenyewe: watoto chini ya miaka mitano unaowajua kwa majina, wangapi wana jina hilo? Akiwa mmoja au hakuna, mpe mwanao jina unalolitamani na orodha ibaki huko iliko.

Na hata wakiwa wawili darasani, watoto hulimaliza wenyewe. Mmoja ataitwa kwa jina la baba, mwingine atapewa la utani, na kufikia wiki ya pili mwalimu naye ameshazoea.

Mume wangu na mimi tumekubaliana Aisha. Tatizo anataka liandikwe "Aeyeshah" ili liwe la kipekee. Mimi nasita.

Sita zaidi, shoga yangu. Katika mambo yote ninayoulizwa kuhusu majina, hili ndilo ninalolipinga bila kuuma maneno.

Jina la kawaida lina raha zake: kila mtu analijua, analitamka, analiandika. Jina adimu nalo lina raha yake, kwamba likiitwa anageuka mtu mmoja. Tahajia ya kubuni inakukosesha zote mbili. Akiitwa uwanjani watageuka kina Aisha wote waliopo, kwa sababu sikio halisomi herufi. Halafu kila atakapofika dirishani kwa karani ataanza: "A, halafu E, halafu Y..." Karani ataandika anachokijua yeye. Cheti cha kuzaliwa kitasema hivi, cheti cha shule kitasema vile, tiketi ya ndege itasema la tatu, na mwenye kuulizwa maswali uwanja wa ndege ni binti yenu, wala si baba yake.

Usichanganye hilo na majina yenye tahajia kadhaa zilizokomaa. Muhammad, Mohammed na Mohamed zote zina wenyewe, na ukitaja moja kati ya hizo hakuna atakayeshangaa. Hapo chagua ile inayotumika kwenye familia yenu, kisha muishikilie hiyohiyo kwenye kila karatasi. Kwa njia, majina ya namna hii yanaonyesha jinsi orodha zinavyoweza kutuchezea. Uingereza na Wales huhesabu kila tahajia kama jina lake. Mwaka 2023 Muhammad aliongoza kwa wavulana huku Mohammed akihesabiwa kwenye mstari wake mwingine. Kubadili herufi kunaweza kukushusha kwenye orodha. Darasani idadi ya wanaoitika inabaki ileile.

Kama mume wako anataka upekee wa kweli, mpe kazi ya kutafuta jina jingine kabisa, lisilo la kawaida lakini linaloandikwa kama linavyotamkwa. Yapo mengi. Kipimo ni rahisi: mpigie simu mtu asiyejua habari hizi, mtajie jina mara moja, muombe aliandike. Akipatia, mmepata jina.

Nimesoma kwamba utafiti umeonyesha watu wenye majina yasiyo ya kawaida hawaitwi kwenye usaili wa kazi. Tumwonee huruma mtoto tumpe jina la kawaida?

Utafiti unaousikia kwa kawaida ni ule uliochapishwa mwaka 2004 na Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan. Walituma wasifu wa kazi wa kubuni wapatao 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Sifa zilifanana, majina yakatofautiana. Waliopewa majina yanayohusishwa na Wazungu, kama Emily na Greg, walipigiwa simu kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 50 hivi kile cha waliopewa majina yanayohusishwa na watu weusi, kama Lakisha na Jamal.

Sasa angalia kilichopimwa. Jamal si jina geni duniani, na Marekani kwenyewe wamejaa. Waajiri walisoma rangi ya ngozi kwenye jina, na hilo ni tatizo la mwajiri. Kuutumia utafiti huo kumtisha mzazi anayetaka jina adimu ni kuuhamisha kutoka mahali pake.

Mwaka huohuo Roland Fryer na Steven Levitt walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za vizazi za California. Waliangalia watu weusi wenye majina yanayowatambulisha kama weusi, na maisha yao ya ukubwani. Walipozingatia hali ya nyumba aliyozaliwa mtu, jina lenyewe halikuonekana kumharibia maisha.

Ninavyozisoma kazi hizi mbili pamoja, jina linaweza kumfungia mtu mlango fulani siku fulani, kwa sababu ya ubaguzi wa aliye ndani, lakini kinachoamua zaidi ni malezi, shule na kipato cha nyumbani. Mimi nisingemchagulia mtoto jina kwa kumhofia mtu wa ofisi ya ajira ambaye labda leo hii naye bado ananyonya.

Tumelipenda jina la mhusika wa tamthilia inayotazamwa na kila mtu. Ni zuri mno. Kuna ubaya?

Uzuri sibishani nao. Nina shaka na kasi.

Jonah Berger na Gaël Le Mens walichunguza majina ya Marekani na Ufaransa ya zaidi ya miaka 100, wakaona kwamba jina linalopanda haraka huwa linashuka haraka pia. Wazazi wakihisi jina ni la msimu, wanalikwepa. Muulize Mfaransa kuhusu Kévin. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndilo lililoongoza kwa wavulana nchini mwake. Mwaka 1991 peke yake lilipewa watoto zaidi ya 13,000. Halafu likaporomoka, likageuka mzaha, na wenye jina hilo wamekua huku watu wakibashiri miaka yao na hata tabaka lao kabla hawajafungua mdomo. Ujerumani nako akina Kevin wamekutana na kejeli hizohizo.

Wakati mwingine balaa linatoka pasipotarajiwa. Alexa lilikuwa miongoni mwa majina 40 ya kwanza ya wasichana Marekani mwaka 2015. Kisha likaingia majumbani lile spika la Amazon linaloitikia jina hilo, na kufikia 2021 jina lilikuwa nje hata ya 400 ya kwanza. Hilo mzazi hawezi kulikinga. La tamthilia analiona likija.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, angalia jina limetokea wapi. Likiwa limekuwepo kwa vizazi, tamthilia imelikumbusha tu, chukua bila hofu. Likiwa limezaliwa na mwandishi wa tamthilia mwaka juzi, ngoja kwanza mfululizo uishe mjue huyo mhusika anafanya nini mwishoni.

Wifi yangu amejifungua kabla yangu na amempa mwanawe jina ambalo mimi nililitangaza mbele ya familia nzima. Nimeumia. Nitafute jingine?

Pole. Jina halina hatimiliki, lakini uchungu wako naujua una msingi kama alikusikia.

Binamu wawili wenye jina moja si maafa. Ikiwa mnaishi mbali, litumie. Ikiwa mnashinda nyumba moja kila siku, fikiria jinsi bibi yao atakavyowaita, maana yeye ndiye atakayewatofautisha, na njia atakayotumia inaweza isikufurahishe: mkubwa na mdogo, mnene na mwembamba. Ukiamua kulitumia, mwambie wifi mwenyewe, mapema, kabla hajaletewa habari na wengine. Na safari nyingine jina kaeni nalo wawili, wewe na mumeo, hadi mtoto azaliwe.

Je, serikali inaweza kukataa jina tulilochagua?

Inategemea nchi. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, na jina lisilo kwenye orodha iliyoidhinishwa linapitia kwao. Ufaransa iliwaachia wazazi uhuru mkubwa mwaka 1993, lakini mahakama bado huingilia pale jina linapoonekana litamdhuru mtoto; jaji wa Valenciennes alikataa msichana kuitwa Nutella, jina la chokoleti ya kupaka mkate, akaamua aitwe Ella. New Zealand, mwaka 2008, jaji alimweka msichana wa miaka tisa chini ya ulinzi wa mahakama ili abadilishiwe jina, kwa kuwa wazazi walimwita Talula Does The Hula From Hawaii, yaani Talula anacheza ngoma ya hula ya Hawaii. Jina lenu likiwa na tarakimu, alama au cheo cha kifalme, ulizeni ofisi ya usajili kabla hamjatangaza.

Jina letu la ukoo ni la watu wengi sana. Mke wangu anataka jina la kwanza la kawaida, mimi nataka adimu. Nani yuko sahihi?

Wewe, kwa mara hii, na sababu uliyoitaja ndiyo nzuri kuliko zote nilizozipokea.

Watu hupima jina la kwanza peke yake, kana kwamba mtoto ataishi nalo bila ubini. Jina la wengi likikutana na ukoo wa wengi, wanapatikana watu mamia wenye majina kamili yanayofanana. Hapo ndipo faili la hospitali linapochanganywa, barua pepe inapofika kwa mwingine, deni la mtu linapodaiwa kwa asiyehusika, na mtu akitafutwa kwenye intaneti hapatikani. Kwa ukoo wenu, jina lisilosikika sana lina kazi ya kufanya.

Halafu kinyume chake pia ni kweli. Wenye ukoo mrefu au mgumu kuandika wamtulizie mtoto kwa jina la kwanza jepesi.

Mkeo usimshinde kabisa. Jina la kati lipo kwa ajili ya wazazi wasioelewana: ladha yake ikae kati, yako ianze, au mgeuze. Akikua atachagua la kutangulia. Andikeni majina yote matatu kwenye karatasi kama yatakavyokuwa kwenye cheti, muyasome kwa sauti, mtazame na herufi za mwanzo zinaunda nini. Watu wazima wanaweza kukosa kuliona, wanafunzi wa darasa la nne hawakosi.

Binti yetu ana miezi minne. Tulimpa jina adimu sana, na sasa kila ninapolitamka naona aibu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto wa miezi minne na nusu wanatambua sauti ya jina lao kati ya majina mengine, kwa hiyo wako yuko karibu kulizoea, lakini mtoto wa umri huo huzoea jipya vilevile, na kesho hatakumbuka.

Swali gumu ni kama tatizo ni jina au ni nyuso za watu. Aibu ya namna hii huja pale shangazi anapouliza mara ya tatu, "Umesema anaitwa nani?" Hiyo hupungua, watu wakishamjua mtoto, jina huanza kufanana naye. Lakini kama hata mkiwa peke yenu usiku ulimi wako unalikwepa, na unamwita "mama" au "mtoto" ili usilitamke, basi moyo umeshaamua. Jaribuni jina jipya humo ndani kwa majuma mawili bila kumwambia mtu. Mkiona nafuu, badilisheni sasa, kabla karatasi hazijawa nyingi. Anzeni na cheti cha kuzaliwa, kisha kadi ya kliniki na bima, na kile cha zamani msikitupe, kwa sababu kuna ofisi itakuja kukiulizia.